Pikipiki Kubwa ya Manseba

3 Novemba, jumatatu

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na pikipiki yangu imekufa. Haikufa kwa heshima. Ilikohoa pale kwenye reli ya Panda, ikatoa moshi mweupe, ikazima, na Mama Madeleine yuko nyuma yangu na ndoo yake ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi anachouza sokoni. "Manseba," akaniambia, "shuka uiombee." Watu wakacheka. Alikataa kukanyaga matope, basi nikasukuma vyote, yeye, ndoo na pikipiki, hadi sokoni.

Eddy fundi ameifungua injini akatikisa kichwa. Ni cent vingt-cinq, injini ndogo ya cc 125, na miaka mingi imebeba mgongo wangu na makalio ya mji mzima. Eddy anasema ina haki ya kupumzika.

Radio nayo imeharibika, kwa hiyo jioni nitakuwa naandika. Naandika Kiswahili cha misa, kile ninachosomea masomo parokiani. Nikiongea, naongea cha kwetu, ambako pikipiki ni moto, mimi ni minye, na ndiyo ni njo.

5 Novemba

Nimekaa nyumbani kama mgonjwa. Hadassa ameenda shule kwa miguu.

Hadassa ni mtoto wa pekee wa dada yangu Rosalie. Tangu mume wa Rosalie afariki tunaishi sote ua mmoja hapa Panda, kambi ya wafanyakazi, wao nyumba ya mbele, mimi chumba cha nyuma. Hadassa yuko mwaka wa mwisho wa shule ya wauguzi. Kila asubuhi namchukua yeye kwanza kabla ya abiria yeyote.

Kuna jambo la kuchekesha. Manseba ni mjomba, kaka wa mama. Mimi nina dada mmoja, na dada huyo ana mtoto mmoja, hesabu imekwisha. Lakini hapa kwetu kila mwendesha pikipiki anaitwa manseba. Wazee wenye mvi, polisi, watu ambao mama yao sijawahi kumwona hata kwa picha: "Manseba, unipeleke Kikula!" Nimezoea. Siku hizi nikisikia neno hilo mguu wenyewe unatafuta kuwasha injini.

8 Novemba, jumamosi

Leo nitaandika mengi, mkono utaniuma.

Asubuhi nilisikia mngurumo mlangoni. Ni Exaucé, kijana anayenunua mawe ya madini kwa wachimbaji na kuyauza. Anaabudu kanisa moja na Rosalie, na kiangazi chote alikuwa abiria wangu. Amekuja juu ya pikipiki nyekundu, deux cent cinquante, injini ya cc 250, ndefu kama ng'ombe. Nyuma yake alikuwa kaka yake mkubwa, Ruffin.

"Manseba," Exaucé akasema, "nilisikia moto yako ilikufa. Kamata hii. Utembee nayo. Mvula ikiisha, tutakuya tuongee muzuri."

"Iko ya nani?"

"Ya weye."

Nikacheka. "Exaucé, unajua minye siko na kitu."

"Hatuombe kitu, manseba. Tutaongea tu kama bantu bakubwa."

Nikasema moyoni, kumbe watu wa Mungu bado wapo. Nikajua siku moja atataka nimlipe kidogo kidogo, na mtu mwenye subira kama yule hapatikani kila mtaa. Ruffin alivua kofia, akaishika kifuani muda wote kama yuko kanisani. Neno lake lilikuwa moja: "Na mama ya Hadassa anajua kama tulikuya?" Nikamjibu: "Dada yangu anajua nini mambo ya moto?" Wakacheka sana wote wawili, kupita utani wenyewe. Kisha Ruffin akatoa chupa moja ya sucré, soda tu, tukainywa watatu kwa zamu. Nikaona ni upole wa walokole, kwa kuwa pombe hawanywi.

Nimeipanda. Miguu yote miwili haifiki chini vizuri, nasimama kwa ncha za vidole kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Ile ndogo nilikuwa naifokea ili ipande mlima wa Kakontwe. Hii nimeigusa gazi, mkono wa mafuta, kidogo tu, ikaniruka, tumbo likabaki nyuma. Nimepiga kelele. Mimi Germain, mwanamume wa makamo, nimepiga kelele za furaha peke yangu barabarani, mbuzi wa watu wakatawanyika. Mlimani haikuhema hata kidogo. Juu kabisa nilisimama nikaangalia mji wote uliolowa, na nikasikia kwamba maisha yangu bado hayajaisha.

10 Novemba, jumatatu

Nilimwambia Hadassa apande nimpeleke shule. Akaiangalia pikipiki, kisha akaniangalia mimi.

"Nitatembea."

Mvua ilikuwa inanyesha. Nafikiri anaogopa urefu wake.

11 Novemba

Hadassa kwa miguu.

14 Novemba

Mama Madeleine amejaribu kupanda. Aliinua mguu, kitenge kikakataa. Akajaribu upande wa pili, ndoo ikakataa. "Hii iko moto ao iko nyumba ya étage? Kesho uniletee ngazi." Akapanda ya kijana mwingine, ndogo, na hakugeuka kuniaga.

Bah. Wateja wako wengi.

20 Novemba

Kweli wako wengi. Sasa nabeba vijana wenye haraka, wale wa mawe, wanaokwenda upande wa machimbo ya Shinkolobwe na kurudi wamejaa vumbi jekundu au matope mekundu, inategemea mbingu. Ile ndogo wangeitukana. Hii wanaipapasa kwanza kabla ya kupanda. Hawaniiti manseba, wananiita chef, yaani bosi. Sitasema uongo, neno hilo ni tamu.

Hadassa kwa miguu.

27 Novemba

Nimeanguka. Namshukuru Mungu sikuwa na abiria. Kwenye kona ya kushuka Shituru nilifanya kama nilivyozoea na ile ndogo: kuinamisha na kukaza gazi ili isife. Gurudumu la nyuma likateleza, pikipiki ikaenda kwake na mimi kwangu. Goti limevimba, kiwiko kimechubuka, kioo kimoja kimevunjika.

Eddy alininyooshea freni, yaani breki, iliyopinda, wala hakunihurumia. "Germain, ile ya zamani ulikuwa unaichapa ili iende. Hii inaenda yenyewe. Kazi yako sasa ni kuikataza. Badilisha mukono."

Nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo jioni nzima. Ni vigumu kuubadilisha mkono wa miaka mingi. Mkono haujui kwamba chini kuna mnyama mwingine.

Rosalie alikuja na maji ya moto na chumvi, akanikanda goti. Alikuwa mpole mpaka nikashtuka. "Utunze ile moto, mudogo yangu," akasema. "Haiko ya weye peke yako." Nikaelewa anamaanisha sisi sote tunakula kwayo.

3 Desemba

Hadassa kwa miguu. Viatu vyake vilikuwa vinakauka karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Nilivijaza karatasi ndani visikunjamane. Alivichukua bila kusema aksanti. Mtoto huyu hakuwa hivi.

12 Desemba

Rosalie anaimba. Tangu msiba wa mumewe sikumsikia akiimba nje ya kanisa, sasa anaimba akisonga bukari, ugali wetu. Akina mama wa kanisa lake wanaingia na kutoka, wanapima vitambaa mezani, nikipita wananyamaza na kutabasamu. Nikawauliza kama nao wanataka kujifunza moto. Wakacheka wakashikana mikono.

25 Desemba, Noeli

Exaucé alikula nasi. Ni kijana mwenye adabu, lazima niseme. Aliomba kabla ya chakula, aliosha mikono wa mwisho, hakuongea na mdomo umejaa. Akaniuliza mbele ya wote:

"Manseba, moto inakutumikia muzuri?"

"Sana! Kabisa!"

"Basi roho yangu inatulia."

Hadassa akasimama, sahani bado imejaa nusu, akatoka nje. Nilimfuata hadi mlangoni nikamkaripia, mgeni akisikia: tabia gani hii, mtu mzima anaongea na wewe unainuka? Hakulia.

"Na weye pia," akasema, akaenda kuosha masufuria.

Sijui mimi pia nini.

9 Januari

Mvua. Matope. Hadassa kwa miguu.

16 Januari, ijumaa

Leo naandika haraka, herufi zitakuwa mbaya.

Mchana mvua ilipasuka, ile isiyoacha mtu aone mkono wake. Nilikuwa narudi bila abiria nikamkuta Hadassa njiani. Mtaro umejaa, maji yanavuka barabara, yeye ameweka mfuko wa shule kichwani anatafuta pa kukanyaga. Nikasimama.

"Panda!"

Akaendelea kutembea. Hapo hasira zikanipanda. Nikamzibia njia kwa gurudumu la mbele.

"Hadassa! Juu ya nini unanizarau? Ni kiburi ao ni nini? Panda!"

"Sitapanda mahari yangu!"

Nikadhani sikusikia kwa sababu ya mvua. "Mahari gani?"

"Hii yenye umekalia!"

Akaniambia yote pale pale, maji yanamtiririka usoni. Kwamba mama yake alimweleza tangu mwezi wa kumi na moja: Exaucé amefuata njia, ameanza na manseba, na manseba amepokea. Wamekunywa pamoja na kaka mtu akashuhudia. "Na kila siku unatembea nayo mu muji yote," akasema. "Bantu banaona. Banajua kama Hadassa alikwisha kuchukuliwa. Ata mu shule banajua."

"Minye... Hadassa, minye nilizani ananiita manseba juu ya kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi ya moto! Si bote bananiita manseba?"

Akanitazama. Akaanza kucheka, kicheko kibaya, kikageuka kilio katikati. Akakaa juu ya jiwe kando ya njia, mfuko magotini, akalia na mimi nimesimama kwa ncha za vidole juu ya lile dude.

"Nilizani unajua," akasema. "Myezi yote hii nilizani weye njo uliniuza."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Niseme nini? Hakuna mwenye aliniuliza."

Akainuka, akaenda. Na hata hapo sikumuuliza. Naandika na naona haya. Niligeuza pikipiki nikaenda kumpigia kelele mama yake.

Rosalie alinisikiliza mikono kiunoni. "Germain, utoto wako utaisha siku gani? Nani analeta moto ya vile bure?"

"Nilifikiri ni mtu wa Mungu!"

"Iko muntu ya Mungu! Njo maana alianza na weye, hakupita dirisha kama bengine." Kisha sauti yake ikavunjika. "Minye nilibaki na mutoto mu mukono, mu nyumba ya bantu, na hakuna mwanaume wa kusema neno. Exaucé hapige, hanywe, anaomba. Nitafute nini tena? Na weye, ukirudisha, utakula nini? Ile ndogo Eddy alikwisha kuiuza vipande vipande."

Nikatoka nikaifunika pikipiki isilowe.

17 Januari

Nimetembea nayo leo.

20 Januari

Leo pia nimetembea nayo. Nimejiambia ni kwa ajili ya mafuta ya kupikia na unga, na ni kweli, lakini si kweli yote. Kweli yote ni kwamba naipenda. Mkono umekwisha kubadilika. Najua sasa kuikataza kwenye kona, najua kuiachia mlimani. Nimekuwa dereva mzuri wa pikipiki hii siku zile zile nilizojua kwamba si ya kwangu.

Hadassa ananiamkia kwa heshima zote. Afadhali angenitukana.

29 Januari

Nilimfikiria Exaucé vibaya wiki nzima. Nikamwona mjanja, mtu aliyeninasa kwa chambo. Leo nimempita sokoni, amesimama na mwavuli akimkinga mama mzee asiyemjua, anasubiri mvua ipungue. Akaninyooshea mkono kwa furaha. Si mjanja. Alisema neno moja, mimi nikasikia lingine. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mjanja.

5 Februari

Nimetembea nayo.

16 Februari

Nilibeba kijana wa Kikula, mgeni kabisa kwangu. Tulipofika akapapasa tangi, akasema: "Si hii njo ile moto ya Exaucé ya kuoa? Bibi mwenyewe eko wapi?" Akacheka. Mimi pia nikacheka, adabu tu. Kisha nikasimama kando ya njia muda mrefu, injini imezimwa. Bibi mwenyewe alikuwa anatoka shule, kwa miguu, chini ya mvua, na mimi nilikuwa ninamtembeza mjini kutwa nzima bila yeye kuwepo.

Nimemwambia Rosalie: jumamosi nairudisha. Hakupiga kelele. Aliacha tu kuimba.

21 Februari, jumamosi

Nimeisukuma. Kutoka Panda hadi Kakontwe anakoishi Exaucé, kwa mikono, mchana, injini imezima. Najijua: ningeiwasha, ningeipenda tena, na kwenye mlima ningegeuza.

Haikuwa kazi ndogo. Ile nyingine ungeikokota kama mbuzi. Hii ina uzito wa dhambi, inataka kulala upande wake kila ukipumua. Nilikuwa sijamaliza hata mtaa wetu nikasikia imekuwa nyepesi. Nikageuka. Hadassa amefunga kitenge kiunoni, ameinama, anasukuma kwa nyuma.

Rosalie akatoka mlangoni. "Germain! Bantu banaona!"

"Baone! Njo maana ninasukuma!"

Na watu waliona. Vijana wa kijiweni wakaita: "Manseba, hii nayo imekufa?" Nikawajibu: "Iko muzima. Inarudi kwao." Kwenye mlima tulisimama kila baada ya hatua chache, yeye akiweka jiwe nyuma ya gurudumu, mimi nikihema. Jasho na manyunyu, sikujua kipi ni kipi.

Ruffin ndiye alitufungulia, akaleta viti. Hatukukaa. Exaucé akatoka akiwa bado anafunga vifungo vya shati.

"Manseba, moto iliharibika?"

"Haiko na ubaya. Minye njo niko na ubaya. Siku ile uliponiita manseba, nilisikia kazi. Sikusikia jamaa."

Ruffin alianza kucheka, akaona nyuso zetu, akaacha.

"Minye nilifwata njia ya bakubwa," Exaucé akasema polepole. "Nilianza pa kuanzia. Wapi nilikosea?"

"Hukukosea njia. Lakini kuko swali moja lenye linapita mbele ya kupokea. Weye hukungoja, na minye sikujua kama naulizwa."

Kwetu kila mtu analijua swali hilo. Mali ikiwekwa mbele ya ukoo, manseba anamgeukia binti na kumuuliza mbele ya watu, na akinyamaza hakuna anayegusa kitu. Mimi nilikuwa nimegusa tangu Novemba. Nikamgeukia Hadassa.

"Hadassa, mutoto ya dada yangu. Exaucé alileta hii moto juu ya weye. Nipokee ao nisipokee?"

Mashine za mawe zilikuwa zinanguruma kule machimboni. Alipangusa matope ya mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akamtazama Exaucé, hakunitazama mimi.

"Exaucé, weye hauko muntu mubaya," akasema. Kisha: "Usipokee, manseba."

Exaucé akakaa kwenye kimojawapo cha viti alivyotuletea kaka yake. Alikuwa kijana mdogo ghafla, shati limefungwa kombo.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungeniuliza."

Nikampa Ruffin ufunguo kwa mikono miwili. Akavua kofia, akaupokea. Exaucé alitusindikiza hadi njiani, na mvua ilipoanza tena alitaka kutupa mwavuli wake. Hadassa alikataa kwa upole. Nilimhurumia kijana yule, namhurumia hata sasa ninapoandika.

Njiani kurudi sikusikia ushujaa wowote. Nilikuwa nawaza unga, nawaza kesho kutwa, nawaza mlima ule na jinsi tumbo lilivyobaki nyuma. Hadassa alinishika mkono pale penye utelezi.

Rosalie alitupakulia bukari, akatuwekea sahani bila kututazama. Baadaye alikuja akamkausha binti yake nywele kwa kitambaa, kwa nguvu, kama amekasirika, na hakuacha hadi zilipokauka kabisa.

23 Februari, jumatatu

Sina pikipiki, wala sijui nitafanya nini. Leo asubuhi nimemsindikiza Hadassa hadi shule kwa miguu, chini ya mvua. Tumevuka mitaro, tumezunguka madimbwi, tumepanda, tumeshuka, na bado tulikuwa hatujafika. Ni mbali. Sikujua ni mbali hivi.